Kiporo cha Bi. Somoe

Juzi, mvua ilipopusa, mjukuu wangu Zuhura aliingia uani na ungo kichwani, nami kabla sijaona kilichomo nilikwisha kukinusa. Uyoga mbichi una harufu yake. Ni udongo ulioloa, ni kuku aliyebabuliwa manyoya, na chini yake kuna kitu kingine ambacho sijakipatia jina hata leo, na umri wote huu. Nikauweka chini ukili niliokuwa nasuka. Zuhura akaketi kuuchambua, anakata vishina, anavitupa pembeni. Mbwa wa jirani, ambaye huja kwetu kana kwamba tulimwalika, akasogea kuvinusa.

Zuhura akaniuliza, "Bibi, mbwa akila uyoga hadhuriki?"

Aliuliza tu, hata jibu hakulingoja, akaondoka kwenda kuteka maji. Mimi nikabaki na swali lake mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe, mama mtu harudi.

Basi ndiyo maana naandika. Hati yangu mniwie radhi, kalamu nimeishika uzeeni, katika darasa la watu wazima hapa Kibiti, na mwalimu mwenyewe ni kijana niliyempokea kwa mikono hii siku aliyozaliwa. Alikuwa akinikaripia kwamba naandika kama ninavyosema. Sasa mwalimu kahamia mbali, nami naandika kama ninavyosema.

Nilizaliwa mlimani, Umatumbi. Mwaka siujui. Ninachojua ni kwamba vita ya Maji Maji ilipoanza nilikuwa nimeng'oka meno mawili ya mbele na mengine hayajaota. Hilo pengo likumbukeni, litarudi huko mbele.

Mama yangu simkumbuki, alifariki mimi nikiwa wa kubebwa. Nyumbani tulikuwa baba, mimi na mbwa. Baba alikuwa mrina asali, na nguo zake zilinuka moshi na nta, na mpaka leo nikipita penye mzinga uliofukizwa moshi nasimama kidogo, watu hudhani napumzisha miguu. Mbwa wetu aliitwa Tutaonana.

Hapo inabidi niwaeleze, maana siku hizi mbwa wote wanaitwa Simba. Zamani kwetu jina la mbwa lilikuwa maneno unayotaka jirani ayasikie bila wewe kumwambia. Ukigombana na mtu unatafuta mbwa, unamwita Mtachoka, na kila jioni unasimama uani unaita, "Mtachoka! Njoo, Mtachoka!" Jirani anasikia, anameza mate, hana la kukushtaki. Mama mmoja wa kijijini kwetu alimwita mbwa wake Nilikupanini, na mume wake wa zamani alihama kwa ajili ya kelele hizo.

Basi baba alikosana na jumbe kwa habari ya pamba. Wadachi walitaka pamba, jumbe akatutoa watu wazima na watoto kwenda kuilima, mashamba yetu wenyewe yakaota majani. Siku moja baba alichelewa, alikuwa mzingani. Akalazwa chini mbele za watu, akachapwa viboko. Alirudi nyumbani akaketi kwa ubavu, akamtazama mtoto wa mbwa ambaye alikuwa hana jina bado, akasema, "Wewe ni Tutaonana." Na jioni ile ile akaanza kumwita kwa sauti ya kufika kwa jumbe.

Kwa hiyo neno hilo, kabla halijawa la kuaga, kwangu lilikuwa la kutisha. Watu wa mlimani wote walilielewa.

Ndipo ikaja habari ya dawa. Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi, wakarudi na vipande vya mwanzi shingoni, wameoshwa na kunyweshwa maji, wanasema risasi ya Mdachi itageuka maji. Baba naye akaenda, akarudi, akakaa nyumbani kidogo akiwa mpole kupita kawaida. Asubuhi moja akanipeleka kwa ami yangu, mdogo wake, ambaye mguu wake mbovu ulimzuia kwenda vitani. Akaniambia nisiende mtoni peke yangu. Akashika njia. Alipofika pale njia inapokata kona akageuka, akasema, "Tutaonana."

Mbwa akainuka, akamkimbilia. Baba akamtisha kwa fimbo, mbwa akarudi kwangu amebana mkia. Baba akapotea kwenye kona.

Sasa mimi nikabaki najiuliza. Ile "Tutaonana" alikuwa ananiaga mimi, au alimwita mbwa, halafu akaona hapana, mbwa abaki na mtoto? Mtu mzima atasema ni yote moja. Kwa mtoto si yote moja. Kama aliniaga, sikumwitikia. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani si mimi ninayesemeshwa.

Risasi hazikugeuka maji, hilo mnalijua. Askari wakapanda mlimani, na ambacho hawakukipiga risasi walikichoma moto. Vihenge vya mtama viliungua mpaka mlima ukanuka bisi. Nasema bisi kwa sababu ndivyo nilivyofikiri, mtoto ni mtoto, mate yalinitoka. Ami akanichukua kwa mguu wake ule ule mbovu, tukateremka bondeni mimi, yeye na Tutaonana, mpaka nchi ya Mohoro, kwa Bi. Somoe.

Bi. Somoe alikuwa mjane wa mzee mmoja wa bondeni aliyechanjana na baba yangu. Kwa wasiojua, kuchanjana ni kuchanjiana chale na kuonjana damu, mkawa ndugu kuliko wa tumbo moja. Mzee alikwisha kufa, lakini damu ya kuchanjana haifi na mtu, kwa hiyo yule mama hakuweza kukataa. Ami akamweleza shida yetu, akapewa maji akanywa, akarudi mapangoni walikojificha watu wetu. Mimi nikabaki nimesimama chini ya dungu.

Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo ndefu. Watu wa bondeni hukaa humo kuuhami mpunga na ndege na nguruwe, na mto ukifurika maji yanapita chini yako nawe umelala. Bi. Somoe alikuwa huko juu ananitazama. Mwembamba, mrefu, uso hauna mchezo. Nikamwamkia "Shikamoo, mama mkubwa," kama ami alivyonifunza. Akasema, "Marahaba. Niite Bi. Somoe."

Neno hilo lilinikata. Nilikuwa nimelibeba lile "mama mkubwa" njia nzima, nalifanyia mazoezi.

Halafu akamwona mbwa. Bi. Somoe alikuwa Mwislamu wa kusali vipindi vyote, na mbwa kwake alikuwa najisi tu. Hakunifukuzia mbwa, lakini alimwita "dude lako" tangu siku ile. Nikimgusa, ninaoshwa mara saba, moja kwa udongo, ananisugua mpaka ngozi inawaka. Kwa kuwa nilikuwa namgusa kila saa, mwishowe akachoka na mimi pia. Akanipa kigae cha chungu kilichovunjika, akasema, "Hiki ndicho chombo chako, na kulala utalala hapa chini kwenye tanuli, mwenzio asiniharibie udhu wangu." Tanuli ni kichanja kidogo cha kuwekea vyungu. Basi yeye juu, mimi na mbwa chini.

Upweke wa bondeni si kama wa mlimani. Mlimani ukiita, mlima unakujibu hata kama hakuna mtu. Bondeni sauti inakwenda tu kwenye matete, hairudi. Watoto wa madungu mengine waliniita "mtoto wa maji", wakanikimbia. Mchana kutwa nilimsemesha Tutaonana kwa Kimatumbi, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa akikijua pale. Nilikuwa nikimwita jina lake hata akiwa miguuni pangu. Nilipenda kulisikia.

Njaa ikatufuata. Watu wa mlimani waliteremka hawana kitu, askari wakapita na kuchukua mpunga, na ulioachwa nyuma ukaisha. Tukala ming'oko tuliyochimba porini, ming'oko ikaisha. Tukala ndiga, mizizi ya mwitu, ambazo ukizila hivi hivi zinakuua, mpaka uzikate vipande, uzilaze mtoni zitoe sumu. Bi. Somoe hakuniacha niziguse mpaka yeye aseme. Alikuwa mkali sana na ndiga. Nilidhani ananinyima.

Jirani yetu wa pekee wa kusemwa alikuwa Mzee Mbonde, mtu wa domo, na mkewe. Nao walikuwa na mbwa, wa kulindia nguruwe, akiitwa Msinicheke. Mzee Mbonde alijifanya mtani wangu, na utani wake ulikuwa wa chumvi nyingi. Akinikuta mtoni anasema, "Mtani, mbwa hafi maji akiona ufuko. Nyie watu wa mlimani mmekufa maji mchana kweupe, na ufuko mnauona." Siku moja alilisema mbele ya Bi. Somoe. Akamjibu kutoka juu bila kuinua sauti, "Mbonde, huyu baba yake hajarudi. Utani una adabu yake." Mzee akaona haya, akaenda zake. Kisha Bi. Somoe akanigeukia mimi, akanigombeza kwa kuwakodolea macho watu wazima. Mimi nikalishika lile la kugombezwa, lile la kwanza likanipita.

Hata masika ikaingia. Kabla mbegu haijaota, kabla hata mchicha, uyoga ukajitokeza, kwenye vichuguu, kwenye mashamba ya zamani ya ufuta, kila mahali. Lakini hakuna aliyeuamini wote. Walioujua sana uyoga wa nchi ile walikuwa ni vikongwe, na vikongwe ndio njaa iliyotangulia kuwachukua.

Mzee Mbonde ndiye aliyetoa shauri. Alisimama chini ya dungu letu akasema mbwa ndiye kipimo. Mpe mbwa. Akila akabaki mzima, pika. Akifa, umepunguza mdomo. Akanitazama, akacheka. "Na huyu wenu wa mlimani, ana kazi gani nyingine? Naye aijue kodi ya bonde."

Bi. Somoe akamtazama mbwa. Halafu akaniambia, "Umesikia. Usiniletee uyoga ambao dude lako halijaonja."

Nikachukua kikapu, nikatoka na Tutaonana. Nikakuta uyoga wa kichuguu, vichwa vipana vya rangi ya maziwa na majivu. Nikachuma mmoja, nikamnyooshea. Tutaonana akasogea mkia unatikisika, maana mbwa wa njaa hana maswali. Alinitazama kwanza. Nami mkono wangu ukarudi wenyewe.

Nilifikiri hivi, na msinicheke. Nilifikiri, huyu akifa, baba akirudi atamwita nani? Na kama hakuna wa kuitwa, baba atapitaje ile kona? Kwa akili yangu, jina lile ndilo lililomshikilia baba huko aliko, kama kamba. Basi nikamega kipande, nikala mimi. Kibichi, kinateleza kama konokono. Nikaketi, nikamshika Tutaonana shingo asijitafutie mwenyewe, nikangoja mpaka kivuli cha kichuguu kilipotufikia miguuni. Nilipojiona mzima nikaenda nyumbani.

"Ameonja?" Bi. Somoe akaniuliza.

"Ameonja."

"Mzima?"

"Mzima, anakimbia."

Tukala. Yeye juu, mimi kwenye kigae changu, uyoga wa moto na chumvi ya majani. Siku chache zilikwenda hivyo, na nakiri kwenu, zilikuwa siku nzuri. Nilikuwa na siri, na mwenye siri hayuko peke yake kabisa.

Kisha siku moja nilirudi, nikasema ameonja, mzima. Bi. Somoe alikuwa ameshuka, anachochea moto. Akanitazama usoni muda. Akasema, "Fungua mdomo."

Nikafungua. Sikukumbuka pengo langu. Pale penye ufizi mtupu kipande cha uyoga kilikuwa kimeganda, naye akakitoa kwa ukucha wa kidole chake kidogo, akakitazama kwenye mwanga.

"Dude lako ndilo lililoonja?"

"Ndiyo, Bi. Somoe."

"Na wewe ulikuwa unalitafunia?"

Nikangoja kofi. Kofi halikuja. Aligeuka upande wa mtoni, akanipa mgongo kwa muda mrefu, nikadhani amekasirika mpaka maneno yamemwishia. Alipogeuka alisema kwa sauti kavu, "Kuanzia leo hutachuma, nitachuma mwenyewe. Dude lako lisionje kitu, tumbo la mbwa halina habari za tumbo la mtu. Na wewe uyoga wangu utakula kiporo."

Kiporo. Mnajua kiporo ni nini kwa mtoto? Ni chakula kilicholala. Ni cha mtu ambaye hakungojwa. Kila jioni harufu ilikuwa ikishuka kutoka juu, ya moto, ya chumvi, namsikia anakula, kijiko kinagusa chungu. Mimi chini nina kipande cha ndiga na mbwa wangu. Asubuhi ndipo ananishushia changu, baridi, kimeganda, kina majivu. Na hakuwa anashusha upesi. Alitoka kwanza mlangoni kwa dungu, akajinyoosha, akajishika tumbo, akatazama jua, akakaa. Mimi nimeshika kigae namtazama. Niliona ananiringia shibe.

Niliyaweka yote pamoja, kigae, tanuli, kiporo, nikapata jumla yangu. Huyu mama hanitaki. Amenipokea kwa ajili ya chale za marehemu mumewe, basi. Nikawa namwambia Tutaonana kwa Kimatumbi maneno mabaya juu yake, na Bi. Somoe yuko juu anasikia sauti, hajui maana.

Siku ile ya Mzee Mbonde mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Adhuhuri akapita na kikapu kimejaa uyoga mweupe, mweupe kama kanzu ya Ijumaa, shina lake limevaa kama bangili, na chini mguu wake umesimama kama ndani ya kikombe. Mzuri. Sijaona uyoga mzuri vile tena. Akasema amekwisha kumpa Msinicheke, tungoje. Alasiri Msinicheke alikuwa anafukuza panzi, mzima kabisa, na Mzee Mbonde akapiga kelele upande wa kwetu, "Mmemwona? Mmemwona?" Jua likizama mkewe akaleta bakuli, maana alikuwa mwema, akasema jirani hali peke yake.

Harufu yake ilikuwa tamu. Nikamwomba Bi. Somoe. Nikasema, huu si wako, ni wa Mzee Mbonde, mbwa ameula, nipe leo tu. Nikamwita mama mkubwa.

Akasimama na bakuli mkononi. Nilimwona anatazama huko kwa Mbonde, kisha ananitazama mimi. Naye alikuwa na njaa, mifupa ya mabega ilikuwa inahesabika. "Kiporo," akasema, akapanda.

Nililia mpaka nikalala na uso kwenye manyoya ya Tutaonana.

Asubuhi nilimsikia kabla sijamwona, anatapika upande wa nyuma wa dungu. Akatokea mlangoni ameshika nguzo. Mkono wa pili alikuwa na kile chungu cha kiporo changu. Nikakiinua kigae. Naye akakipindua chungu, uyoga wote ukamwagika chini kwenye tope.

Tutaonana akaruka.

"Mshike mbwa!" Sikuwahi kuisikia sauti ile kwake. "Mshike mbwa wako, mtoto, mshike!"

Nilimrukia shingoni. Alikuwa na nguvu ya njaa, akaniburura kwenye tope, mimi nimefumba mikono, meno yake yanagonga karibu na vile vipande vyeupe. Navyo vilikuwa karibu na uso wangu pia. Nikanyoosha mkono mmoja. Kutoka juu akasema, "Ukiokota, sitakuwa radhi nawe duniani wala ahera." Nikaurudisha mkono. Akaniamuru nimfunge mbwa kwenye nguzo, nichukue jembe, nichimbe, nifukie. Nikafukia chakula, mimi sijala, mbwa hajala. Nikasema moyoni, mtu ambaye yuko tayari kumwaga kuliko kukupa, huyo ndiye anayekuchukia kwelikweli.

Kwa Mbonde hakukuwa na kelele asubuhi ile. Baadaye watu walikwenda wakamkuta Msinicheke amekufa chini ya dungu lao, na wenyewe juu hawajiwezi. Walizikwa, Mungu awarehemu, yeye na mkewe.

Lakini Bi. Somoe kesho yake aliamka mzima. Aliteremka mwenyewe, akaoga, akasali kwa kukaa. Akanywa uji kidogo. Nami nikajua yamekwisha. Kulikuwa na wanawake wanapita kwenda mjini Mohoro, mmoja somo yake wa tangu unyagoni, akawasimamisha, wakanong'ona. Kisha akaniita, akaniambia nitakwenda nao, kwa somo yake kuna nafasi. Somo yake akauliza, na mbwa je? Bi. Somoe akasema, "Mbwa ni wake. Aende naye."

Kwangu ule ulikuwa mwisho wa jumla yangu, nimefukuzwa. Sikumwamkia wala kumuaga. Nikashika njia nyuma ya wale wanawake, Tutaonana ameketi bado chini ya dungu anajikuna. Nilikuwa nimefika kwenye matete niliposikia sauti ya Bi. Somoe nyuma yangu, ndogo.

"Tutaonana."

Nikageuka. Alikuwa ameketi mlangoni kwa dungu, mikono mapajani. Mbwa akainuka, akamtazama yeye, akatikisa mkia, kisha akanikimbilia. Nikafikiri, hata leo, ananifukuzia na mbwa wangu asibaki. Kumbe hakuwahi hata siku moja kulitaja jina lile. Nikaingia kwenye matete, sikuitikia.

Tulikuwa hatujazoea hata kulala Mohoro habari ikafika kwamba amefariki.

Yaliyofuata ni marefu na si ya leo. Ami alikuja kunichukua amani ilipotangazwa. Baba hakupita ile kona. Tutaonana aliishi mpaka akaota mvi mdomoni, akafa kwa uzee, jambo ambalo mwaka ule halikumpata kila mtu.

Nilielewa nikiwa nimekwisha kuolewa. Mama mkwe wangu, mtu wa vichuguu na misitu, alinipeleka kuchuma, akanionyesha ule mweupe wenye bangili na kikombe. Akasema usiuguse. Akasema uyoga wa kijinga unakutapisha saa ile ile, huo hauna neno. Uyoga mbaya hauui jioni. Unakuacha ucheke, unakuacha ulale, alfajiri ndipo unabisha hodi. Halafu ukikuumiza, unakupa siku moja ya nafuu, ya kuaga. Wenye kujua hawadanganyiki na siku ile, wanaitumia. "Na mbwa si kipimo," akasema. "Mbwa hula mzoga akapona, akala cha mtu akafa. Ukitaka kumlisha mtu unayempenda uyoga, wewe kula jioni, yeye mpe kiporo."

Kikapu kilinidondoka. Mama mkwe akadhani nimeona nyoka.

Basi, Zuhura, swali lako. Mbwa asipewe uyoga. Mpe ugali, mpe mifupa, na kama huna, mwambie huna. Hilo ndilo nililomwambia aliporudi na ndoo yake. Kisha nikaupika ule wake kwa nazi, nao ni wa kichuguu, naujua, lakini macho yangu ya siku hizi sina hakika nayo. Nikala nikiwa peke yangu jikoni. Zuhura akaja na sahani yake, nikamwambia kiporo. Akasema, "Bibi una uchoyo, wallahi, na uyoga nimechuma mimi." Akanuna. Ananuna vizuri, mdomo mpaka huku. Nilimwacha anune, maana nilipokuwa mimi hakuna aliyenibembeleza, na nimefika.

Jua lilipozama nikasimama niingie chumbani. Pale mlangoni nikageuka, nikasema, "Tutaonana."

Mbwa wa jirani alikuwa amelala uani. Hakuinua hata sikio, yeye hana habari. Zuhura, na mdomo wake ule ule, akaitikia, "Haya, Bibi. Tutaonana."